Goti Lililoshikwa Halilali

Kwa miaka mingi shangazi yangu wa Mwazye, kijiji cha huku kwetu Ufipa mkoani Rukwa, alishuka mlima kinyumenyume. Akitoka shambani na kuni kichwani, akifika pale njia inapoinama kuelekea mtoni, alisimama, akageuka akaupa mteremko mgongo, akaikita fimbo yake ardhini, kisha akaanza kuteremka hatua moja moja kama mtu anayeshuka ngazi ya darini. Watoto walizoea kumwona hivyo hata wakaacha kugeuka. Hakuna aliyemfundisha. Goti lake la kulia, lililokwisha kupinda na kutokeza nje kama upinde, ndilo lililomfundisha kwamba kupanda kunavumilika na kushuka hakuvumiliki.

Nilipomwambia kwamba kuna kifaa kigumu kinachotengenezwa kwa kipimo cha mguu wa mtu mmoja, chenye bawaba pembeni, cha kulishika goti lisiyumbe, alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu yake ya siku zote, halafu akanijibu: "Mwanangu, goti halifungwi. Likifungwa linalala."

Sentensi hiyo nimeisikia tangu utotoni. Nimeisikia mnadani, nimeisikia nje ya kanisa la misheni baada ya misa, nimeisikia kwa wakandaji wanaochua viungo kwa mafuta ya moto, na jambo lililoniuma zaidi, nimeisikia kwa mhudumu wa afya katika kituo kimoja, aliyeitamka kana kwamba ameisoma kitabuni. Kila anayeisema huisema kwa upole, kama mtu anayekuokoa. Nimeamua kuipinga hadharani, kwa sababu nimeona inavyowaweka watu kitako miaka ambayo wangeweza kuwa wanatembea.

Kwanza niitendee haki. Msemo huu haukuzuka hewani. Watu wa Ufipa wana macho, na wameona. Wamemwona kijana aliyeanguka na bodaboda kwenye barabara ya vumbi, akavunjika mguu, akapigwa plasta ngumu kutoka pajani hadi kwenye vidole, akakaa nayo wiki sita au zaidi. Siku plasta ilipokatwa, mguu uliotoka ndani ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, ngozi imekauka na kubanduka, goti limekakamaa halikunjiki. Kijana yule alijifunza kutembea upya, akishika kuta. Aliyeona hayo akasema kwamba goti likifungwa linalala, kuhusu plasta alisema kweli. Msuli usiotumika huanza kusinyaa ndani ya siku chache, na kiungo kisichokunjwa hukakamaa. Madaktari wanalijua hilo, ndiyo maana hawapendi kumwacha mtu kwenye plasta siku moja zaidi ya zile zinazohitajiwa na mfupa.

Kosa liko katika kuuhamisha ushahidi huo. Plasta hupigwa ili mguu usitembee. Kifaa ninachokisemea mimi huvaliwa ili mguu utembee. Kuvihukumu vyote viwili kwa hukumu moja, kwa kuwa vyote ni vigumu na vyote hukaa mguuni, ni sawa na kusema mlango na ukuta ni kitu kimoja kwa kuwa vyote huzuia upepo.

Bresi ngumu ya goti, nitumie jina wanalolitumia mafundi wake, ina maganda mawili. Moja hulikumbatia paja, jingine huukumbatia muundi. Pembeni, kulia na kushoto, kuna vyuma vyembamba vinavyounganisha ganda la juu na la chini, na katikati ya vyuma hivyo, usawa wa goti, kuna bawaba. Mguu ukikunjwa, bawaba inakunjika. Ukinyooshwa, inanyooka, hadi pale fundi alipoweka kikomo ili goti lisipitilize kwenda nyuma. Msuli wa paja unafanya kazi yake ya kukunja na kunyoosha kama kawaida. Kinachozuiwa ni kuyumba upande upande, kujisokota, na mfupa wa chini kuteleza kwenda mbele, mambo ambayo goti zima huyafanya kwa kiasi kidogo mno na goti bovu huyafanya kila hatua.

Goti lenyewe limeumbwa na udhaifu. Nyonga ni mpira uliotumbukizwa ndani ya kikombe, mifupa yenyewe imeshikana. Goti halina kikombe. Ni mfupa mrefu wa paja uliosimama juu ya mfupa wa muundi ulio bapa kwa juu, kama chungu kilichotuliwa juu ya kigae. Kinachoishika mifupa hiyo pamoja ni kamba: ligamenti mbili za pembeni na nyingine mbili zinazokatizana ndani, pamoja na misuli inayolizunguka goti na magegedu mawili yaliyopinda kama mwezi mwandamo, ambayo hukaa kati ya mifupa na kuupa ule wa juu mahali pa kutulia. Kamba moja ikikatika, kama inavyowakuta vijana wetu wa mpira kwenye viwanja vyenye mashimo, goti linaachia ghafla mtu anapogeuka. Gegedu likilika upande mmoja, mguu wote unainamia upande huo.

Sasa nije kwenye uzito, maana hapo shangazi alijua zaidi ya wote waliomshauri. Huko Berlin, Ujerumani, watafiti wa hospitali ya Charité waliweka vipimo vya uzito ndani ya magoti bandia ya wagonjwa, wakasoma mzigo unaopita gotini mtu anapotembea. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 yalionyesha kwamba kutembea mahali tambarare kunalibebesha goti takriban mara 2.6 ya uzito wa mwili, na kushuka ngazi karibu mara 3.5. Mwanamke wa kilo 60 anayeshuka, basi, hutua zaidi ya kilo 200 juu ya goti moja, hatua baada ya hatua, na hapo hajatwishwa kitu. Mtwishe kuni, au ndoo ya maji ya lita 20, kisha umpeleke kwenye vilima vya Mwazye. Sehemu kubwa ya mzigo huo hupita upande wa ndani wa goti, hata kwa mtu mwenye mguu ulionyooka. Mguu ukishaingia tege, upande wa ndani hubeba zaidi, na kadiri unavyobeba ndivyo gegedu linavyolika, na kadiri linavyolika ndivyo tege linavyoongezeka. Kuvumilia hakuukatizi mzunguko huo. Kuvumilia ndiko kunakoulisha.

Bresi iliyotengenezwa kwa kipimo huuingilia hapo hapo. Mchungaji yeyote wa Ufipa anajua kunyoosha fimbo mbichi iliyopinda: anashika ncha mbili kwa mikono, anaweka goti lake katikati pale ilipotokeza, anasukuma. Nguvu tatu, mbili upande huu na moja upande ule. Bresi ya goti lililolika kwa ndani inafanya vivyo hivyo. Inalishika paja kwa juu na muundi kwa chini, upande wa ndani, na kulisukuma goti kutoka nje, kwa nguvu ya kiasi, kila mguu unapotua. Mfupa haunyooki ukawa wa ujanani. Lakini sehemu ya mzigo inaondoka upande uliolika na kuhamia upande ambao bado una gegedu. Mgonjwa anakuwa kama mtu aliyepokewa ncha moja ya gunia.

Je, msuli unalala? Wanaouliza swali hilo hawalitazami paja la mtu aliyeumwa goti miaka mitano bila kuvaa chochote. Nendeni mkalitazame. Limepungua, limelegea, ukilishika halijibu kama la mguu wa pili. Nani alilifunga? Maumivu, pamoja na maji yanayojaa gotini, huzizuia neva zisiuamshe msuli mkubwa wa mbele ya paja kwa nguvu zake zote. Mwili wenyewe huuzima msuli ili goti lipumzike, na mtu naye hupunguza kutembea, na msuli husinyaa kwa sababu zote mbili. Usingizi ule tunaouogopa ulikwisha kuingia kabla ya fundi kuitwa.

Tena jambo hili limepimwa. Mwaka 2016 watafiti wa Manchester, Uingereza, walichapisha matokeo ya watu wenye kusagika kwa goti nyuma ya kilegesambwa, waliovaa kishikizo cha goti kwa wiki kadhaa. Msuli wa paja haukudhoofika, na ule uzimwaji wa msuli ulipungua kidogo. Kishikizo chao kilikuwa laini kuliko hiki ninachokisemea, nami sitakitumia kuthibitisha zaidi ya kile kilichopimwa. Lakini hofu kwamba kuvaa tu kunaumaliza msuli, ilipotafutwa kwa vipimo, haikuonekana. Anayetaka kuendelea kuitangaza alete ushahidi zaidi ya mguu wa kijana aliyetoka kwenye plasta.

Hata asili ya vifaa hivi inaukana msemo wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, hospitali ya Lenox Hill ya New York ilitengeneza bresi ya kipimo kwa ajili ya Joe Namath, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbana na kuangushana. Magoti yake yalikuwa mabovu tangu mwanzo wa kazi yake ya kulipwa. Daktari wake, James Nicholas, alikuwa na kijana ambaye watu wazito walimwangukia miguuni kila wiki, na alichohitaji ni kitu cha kumrudisha uwanjani. Namath alicheza hadi mwaka 1977. Sikumleta hapa ili mkulima wa Mwazye ajilinganishe na mchezaji tajiri. Nimemleta kwa sababu bresi ya aina hii ilizaliwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakimbia, na sisi tumeipokea kana kwamba ni kitanda cha mgonjwa.

Wapo wanaokubali nusu ya hoja. Wanasema: sawa, nunua basi ile soksi ya goti inayouzwa mnadani, inatosha. Soksi ile inalipa goti joto, na asubuhi ya Juni au Julai, umande wa Ufipa ukiwa karibu kuganda, joto hilo ni rehema. Simnyang'anyi mtu. Inamkumbusha pia mvaaji goti lake liko wapi, naye akakanyaga kwa uangalifu. Lakini ishike soksi hiyo mkononi uikunje upande huu na upande ule: inakubali kila unakoipeleka. Kitu kinachopindwa kwa vidole viwili hakiwezi kuzuia kilo 200 zisielemee upande mmoja. Inabana, haishiki. Nimewaona watu wakivaa mbili, moja juu ya nyingine, wakiamini kwamba kubanwa zaidi ndiko kushikwa zaidi, mpaka mguu ukavimba chini ya goti.

Nyuma ya soksi hiyo kuna imani kongwe zaidi, kwamba ugonjwa wenyewe ni baridi. Tumeupa hata jina, baridi yabisi, na tukishaupa jina hilo tunatafuta dawa ya kupasha moto. Kweli baridi hulikakamaza goti linalouma, na sisi tunaokaa juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, tunalijua hilo kuliko wengi. Lakini baridi haipindi mfupa. Dar es Salaam hawajui umande wa kuganda, na magoti yao yanasagika vilevile.

Sasa kwa nini kipimo cha mtu mmoja? Mwenye maksai wa plau atanielewa haraka. Nira isiyolingana na shingo ya ng'ombe huacha kidonda, na ng'ombe mwenye kidonda hukataa kuvuta, na mwenyewe akamwita mvivu. Mguu wa binadamu ni vivyo hivyo. Fundi wa bresi humkalisha mgonjwa, humvisha soksi nyembamba, akachora juu yake kwa kalamu mahali pa kilegesambwa na mifupa mingine iliyo karibu na ngozi. Kisha huuzungushia mguu bandeji za plasta zilizoloweshwa, akiushikilia katika mkao anaoutaka mpaka plasta ishike. Ganda hilo likishakatwa na kutolewa, hujazwa uji wa jasi, na jasi ikigandamana unapatikana mguu wa pili, mweupe na mzito, wenye tege lile lile.

Shangazi alikubali mwishowe kupimwa, na alipouona mguu wake wa jasi juu ya meza ya karakana alinyamaza kwa muda mrefu. Aliupapasa kwa kiganja. Miaka yote alikuwa akiutazama mguu ule kutoka juu tu, na hakuwahi kuuona kwa mbele kama watu wengine wanavyouona.

Baada ya hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza. Fundi huparua jasi pale nyama inapoweza kusukumwa, na huongeza jasi pale pasipotakiwa kuguswa. Upande wa nje, chini kidogo ya goti, kuna kifundo cha mfupa ambapo neva hupita karibu kabisa na ngozi. Ganda likiibana neva hiyo, unyayo hulegea na mtu huanza kuburura vidole. Bresi ya dukani, iliyotoka kiwandani kwa saizi ndogo, ya kati na kubwa, haijui kifundo cha nani kiko wapi. Kisha kipande cha plastiki ngumu iitwayo polipropilini huwekwa kwenye tanuri mpaka kilainike kama donge la unga wa chapati, kikavishwa juu ya mguu wa jasi na hewa ikafyonzwa ili kishike kila pindo. Mwisho bawaba. Goti halikunjiki mahali pamoja kama bawaba ya mlango, mfupa wa paja hubingirika na kuteleza kwa pamoja juu ya ule wa chini, kwa hiyo fundi hutafuta mahali panapokaribia: kiasi cha sentimita 2 juu ya pale mifupa inapokutana, nyuma kidogo ya katikati ya mguu. Seremala aliyewahi kukosea bawaba anajua mlango unavyokwaruza sakafu. Bresi iliyokosewa bawaba nayo hushuka mguuni kila hatua, huchubua ngozi, hulivuta goti kinyume cha mwendo wake.

Hapo nimefika mahali ambapo msemo wetu hupata mashahidi wapya. Mtu hununua bresi ya mtumba au ya saizi ya kubahatisha, inamchubua, anaivua wiki ya pili na kuitundika ukutani. Anayemtembelea huiona imetundikwa, husikia habari zake, na kurudi kwao akisema: hata fulani alijaribu, ikamshinda. Kilichoshindwa hapo ni kipimo.

Wapo pia wanaosema magoti ya wazee ni uzee tu, tuyaache. Nawajibu kwa mtoto. Mwaka 2023 mkoa huu wa Rukwa ulithibitishwa kuwa na mgonjwa wa polio, mtoto mdogo asiyefikisha miaka 2, nchi ikiwa imeshatangazwa tangu mwaka 2015 kuwa imeondokana na polio ya asili. Ilikuwa polio ya aina ya 2, na Septemba ya mwaka huo chanjo za matone zilipelekwa nyumba kwa nyumba katika mikoa sita, Rukwa ikiwemo. Wazee wetu wanakumbuka polio ya zamani, na wanakumbuka watoto waliovaa vyuma vya miguu kutoka pajani hadi kwenye kiatu. Vyuma vile ni ndugu wa karibu wa bresi ninayoisemea. Mtoto ambaye polio imeupooza msuli wake wa paja hana kinacholizuia goti lisikunjike ghafla chini ya mwili. Akiachwa hivyo, hutembea akiliegemeza paja kwa mkono, kila hatua akiinama, na mifupa inayokua hupindia upande ule inakosukumwa. Akipewa kifaa cha kulishika goti, kinachobadilishwa kila anapokua, anasimama wima na mikono yake inabaki huru kushika daftari. Hakuna hata mmoja kati ya wanaonihubiria kwamba goti likifungwa linalala aliyewahi kunieleza mtoto huyu afanyiwe nini.

Lazima niseme pia ambayo bresi haifanyi, kwa sababu wauzaji wameharibu hoja hii kwa kuahidi yasiyokuwepo. Hairudishi gegedu lililolika. Haiponyi. Nafuu inayopatikana kwa wengi wenye kusagika kwa goti ni ya wastani, na wapo wasiopata kabisa, hasa ambao goti limelika pande zote. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya damu au kisukari kilichokwisha kuondoa hisia miguuni anahitaji kuangaliwa sana, kwani kidonda kinaweza kuingia bila yeye kujua. Kila jioni ngozi ikaguliwe. Na mazoezi ya paja hayana mbadala: kukaa kwenye kigoda, kuunyoosha mguu mbele, kuushikilia hewani, kuushusha, asubuhi na jioni. Bresi na mazoezi ni kama wapiga plau wawili, mmoja anashika mpini na mwingine anaongoza ng'ombe. Walionitangulia katika kuzitetea bresi mara nyingi waliisahau sehemu hii, na kwa kuisahau waliwapa wapinzani silaha.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni havinisaidii. Kwetu Ufipa mwanamke hupiga magoti akimsalimia mkubwa, na kanisani sote tunapiga magoti. Bresi ngumu hukunjika, lakini haimruhusu mtu kukalia visigino vyake, na ganda la mbele huumiza likigandamizwa chini. Shangazi aliniuliza hilo kabla ya kuuliza bei. Alihofia kuonekana amekuwa na kiburi uzeeni. Nilimwambia kwamba mikanda minne inafunguliwa kwa nusu dakika, na kwamba mtu mwenye goti bovu ameshaacha kupiga magoti siku nyingi, ila hajawahi kuulizwa. Alicheka kidogo, akakubali kwamba ni kweli. Sasa anasalimia akiwa ameinama na kupiga makofi, na sijamwona mtu aliyekasirika.

Hoja ya mwisho ninayoisikia ni kwamba haya ni mambo ya watu wenye fedha. Shirika la Afya Duniani halikubali. Mwaka 2016 lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 ambavyo kila nchi inapaswa kuvipa kipaumbele, na vishikizo vya miguu vimo, sambamba na miwani, fimbo na viti vya magurudumu. Ufundi wenyewe hauko ng'ambo. Chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kipo katika eneo la hospitali ya KCMC mjini Moshi tangu mwaka 1981, kilianzishwa kwa msaada wa Ujerumani, na wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika wamekuja kujifunza hapo. Watanzania wanaojua kupima, kumwaga jasi, kuchoma polipropilini na kupanga bawaba wapo, wamefunzwa katika nchi yao. Umbali ndio unaotuumiza. Kutoka Sumbawanga hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000, na bresi si kitu cha kupimiwa mara moja ukaondoka nacho. Kuna siku ya kupimwa, siku ya kujaribishwa, na siku ya kurudi ili parekebishwe panapochubua. Mkulima wa Mwazye akienda mara tatu, ameuza mahindi ya msimu mzima kabla hajalipia hata bawaba.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo na kinahesabika. Hospitali ya rufaa ya kila mkoa, ya Sumbawanga ikiwemo, inastahili chumba chenye tanuri, pampu ya kufyonza hewa, magunia ya jasi na fundi aliyefunzwa, ambaye atafika Matai na Mwazye kupima watu siku zinazojulikana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na wanaopanga mafao yake walitazame goti la mwanamke anayebeba maji kama kiungo cha uzalishaji mali, maana ndivyo lilivyo. Katika mji huo wa Sumbawanga kuna hospitali yenye jina la Dkt. Adrian Atiman, aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga Malta, na kufika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Naamini wakati wake pia watu wa mwambao ule walikuwa na misemo yao kuhusu magonjwa yasiyotibika. Hakungoja iishe ndipo aanze kazi.

Na wahudumu wa afya wa vijijini, ambao nawaheshimu kwa kazi yao nzito, nawaomba waache kuutumia msemo huu kama jibu. Mgonjwa akija na goti linaloyumba, muulizeni linaachia akigeuka au akishuka. Mwambieni asimame, mtazame mguu kwa mbele na kwa nyuma. Mpeni barua ya kwenda kwa fundi. Mwacheni fundi aseme kama bresi inafaa au haifai.

Shangazi anaivaa ya kwake anapokwenda shambani na anapokwenda mtoni. Nyumbani anaivua na kuiegesha ukutani karibu na jembe, imejaa vumbi jekundu, mikanda yake imeanza kuchakaa pembeni. Paja lake tulilipima kwa utepe wa fundi cherehani siku ya kwanza na tukalipima tena baada ya mavuno, na halikupungua. Sehemu ya juu ya mteremko anaishuka sasa akitazama mbele, taratibu, fimbo mkononi. Pale chini kwenye mawe, karibu na maji, bado anageuka.